Baraka za Mzee Obiero

Mercyline hurekodi video za matanga pale Usenge, na usije ukamwambia eti ni kazi ya kusimama tu! Jamaa walio ng'ambo wanataka kuona kila kitu, kuanzia jeneza hadi sufuria za ugali. Kila video, kompyuta yake hutuma nakala kwa kompyuta ya dada yake Kisumu, maana stima ya huku haina adabu.

Mwanzoni alijifanya mjanja, akaipanga itume kila saa. Yawa! Mazishi ya siku nzima yatafikaje Kisumu kwa saa moja? Nakala ya kwanza iko njiani, ya pili inaanza, ya tatu inakuja nyuma, zote zinagombania mtandao uleule mwembamba. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Basi akaweka kufuli: kazi ya kutuma ikianza inafunga mlango, na inayofuata ikikuta umefungwa inarudi zake.

Lakini kufuli nalo likaleta mambo yake. Mtandao uliganda katikati ya video ya Mzee Obiero, aliyerekodiwa kitandani akiwabariki wanawe kabla hajafa. Kazi ile haikufa wala haikusogea, ikang'ang'ania kufuli tu. Zilizofuata zikakuta mlango umefungwa, zikarudi kimyakimya. Mercyline akadhani mambo ni sawa, akafuta kadi ya kamera, akaenda kurekodi matanga mengine. Aliporudi, diski ya kompyuta, yenye video zote, ilikuwa inagongagonga, dalili ya kufa.

Siku hiyohiyo akaja Achola, kitindamimba wa Obiero, ambaye hakumkuta baba yake hai.

"Dada, nataka tu kusikia alivyonibariki."

Mercyline akakimbilia kompyuta. Akaua kazi iliyoganda, akafungua kufuli, akaamuru utumaji uendelee palepale ulipokwama. Safari hii aliupa sharti: ukikaa dakika chache bila kusogea, ujikate, uachie kufuli, ujaribu tena. Ukakatika, ukarudi. Ukakatika tena, ukarudi. Halafu diski ikanyamaza kabisa, video haijafika yote.

Wakampigia dada yake Kisumu, naye akaicheza nakala iliyofika, simu ikiwa karibu na spika. Mzee aliwaita wanawe mmoja mmoja kuanzia mkubwa, kila mtu na neno lake. Mwishowe akasema, "Achola, mtoto wangu, wewe..."

Ikaishia hapo.

"Nisamehe, Achola," Mercyline akasema, machozi yakimtoka. "Sharti lile ningeliweka mapema, ungesikia yote."

Achola akaichukua simu. Akaisogeza karibu na sikio.

"Mwambie dada yako arudishe nyuma," akasema. "Pale anaponiita."