Sketi ya Ngozi Ndani ya Meli

Udagwenga wa kijiji cha Getanuwas hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili, maana hata mara ya kwanza alikuwa hasikii. Alikuwa mke wa Gidabuday, mama wa watoto watano, na ng'ombe wake aliwajua kwa majina. Shamba la ngano la serikali lilipoingia na matrekta yake na kulima malisho yao mpaka karibu na zizi, wanaume walimwomba mwalimu wa shule awaandikie barua ya malalamiko, wakangoja majibu. Yeye alipitisha ng'ombe palepale walipopita siku zote. Akakamatwa, akaachiwa, akapitisha tena.

Mwaka wa 1984 wakubwa wa shamba wakaona heri wawapoze majirani. Wakatangaza safari ya ujirani mwema: lori mpaka Mwanza, halafu meli ya usiku kwenda Bukoba, kupita katikati ya visiwa. Wazee walisusa.

"Wamechukua nyasi, sasa wanatupa maji ya kutazama," alisema Gidabuday.

Udagwenga akasema yeye ataenda. Ukipewa kitu cha bure na mtu aliyekunyang'anya, alisema, hiyo si zawadi, ni chako kinarudi kidogo kidogo.

Basi wakaenda, wanawake wanane wa Getanuwas na wa kijiji jirani cha Dirma. Aliwaongoza Nicodemo, bwana maendeleo wa shamba, kijana wa suruali iliyonyooshwa kwa pasi. Pamoja naye alikuwepo Philomena, mpishi wa shamba, Mwiraqw wa Tlawi aliyejua Kibarabaig, aliyechukuliwa awe mkalimani.

Kisa kilianzia kwenye gati la Mwanza. Nicodemo alifungua mzigo wa magauni ya kitenge, akawagawia. Wenzake Udagwenga walikuwa wamekwisha kuvaa khanga tangu nyumbani, kwa sababu miaka ile mtu aliyevaa ngozi alifukuzwa sokoni na kuteremshwa kwenye basi. Yeye peke yake alikuwa na sketi yake ya ngozi ya ndama, iliyochanwa nyuzi ndefu na kulainishwa kwa samli.

Sketi hiyo mwanamke wa Kibarabaig huvaa akiolewa. Ndiyo ndoa yake, ndiyo uzazi wake. Mwanamume hana ruhusa ya kuishika kwa dharau, na akithubutu, wanawake wote humkalia kikao. Kuivua kwa amri ya kijana wa ofisini kungekuwa kutangaza mbele za watu kwamba yeye si mke wala mama wa mtu.

"Mama, vaa hili gauni," Nicodemo alisema. "Na ngozi hupandi meli."

"Hujaniamkia," Udagwenga alijibu kwa Kiswahili chake cha mnadani. "Kwanza shikamoo. Mambo ya kuvua baadaye."

Wachukuzi wakacheka. Nicodemo akaamkia shingo upande. Udagwenga akaitikia marahaba vizuri kabisa, akakataa vilevile.

"Basi utabaki hapa."

Udagwenga alimchomoa tiketi mkononi, akampelekea karani wa meli. Karani aliigeuza pande zote mbili.

"Hapa pameandikwa daraja la tatu. Nguo haikuandikwa," alisema. "Bwana, meli hii inapakia ng'ombe wazima, mimi nikatae ngozi?"

Akapanda. Na tusimsingizie ushujaa asiokuwa nao: aliogopa sana. Sakafu ilitetemeka chini ya miguu yake, na hakuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Lakini mwezi ulipotoka, visiwa vikaanza kujitokeza, vya mawe yaliyobebana, vingine vikiwa na moto mdogo wa wavuvi. Akavihesabu kwa vidole. Vidole vilipokwisha, akavipa majina ya ng'ombe wake, kisiwa kimoja ng'ombe mmoja, mpaka hofu ikapungua.

Jirani yake, mama muuza dagaa, alikuwa amejisogeza mbali akiziba pua.

"Wewe unanuka samaki, mimi nanuka samli," Udagwenga alimwambia. "Tulale."

Yule mama akacheka, wakalala wakiwa wamepeana migongo kwa sababu ya baridi.

Asubuhi, Bukoba ikiwa inaonekana, Nicodemo alitoa kamera. Ofisi ilitaka picha ya majirani wenye furaha. Akawapanga, akamwambia Udagwenga asimame nyuma ili ngozi isionekane. Udagwenga akasimama mbele. Nicodemo akamshika sketi, akamvuta. Nyuzi mbili zikakatika, zikabaki mkononi mwake.

"Mungu wangu!" Philomena alisema. "Bwana Nicodemo, unajua umeshika nini?"

Udagwenga aliona aibu mpaka masikio yakawaka, kisha hasira ikaifukuza ile aibu. Alinyoosha mkono, akapewa nyuzi zake.

"Tutaonana nyumbani," alisema.

Nyumbani wanawake walikaa kikao siku moja tu. Hukumu: Nicodemo atoe faini ya dume jeusi la ng'ombe. Meneja wa shamba akatuma jibu kwamba shamba la serikali halihukumiwi na wanawake. Ulikuwa wakati wa mavuno. Wanawake wa Getanuwas na Dirma wakaenda kukaa katikati ya barabara ya shamba, mamia yao, wamevaa ngozi, hata wale waliokuwa wamezificha miaka. Madereva wa mashine za kuvunia waliwaona mama zao miongoni mwao, wakazima injini. Meneja alifoka mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya tatu Nicodemo alikuja kwa miguu akivuta dume. Lilikuwa na baka jeupe tumboni, wakalirudisha. Jioni akaja na jingine, jeusi tii. Wakalikagua mpaka chini ya mkia, wakalipokea.

"Mama, nimekosa," alisema. "Yamekwisha?"

"Yako yamekwisha, mwanangu. Nenda salama."

Nicodemo alishusha pumzi, akageuka kuwaashiria madereva wawashe. Hakuna mwanamke aliyeinuka.

"Mbona hamuondoki?"

"Wewe ulishika sketi," Udagwenga alisema. "Aliyeshika malisho bado hajaja."