Fundi Nasur Achagua Upinde

Mume wangu Nasur ameshona suti za watu kwenye jengo moja la Nakivubo, mjini Kampala, miaka thelathini na moja. Mwaka jana jengo lilipouzwa na mafundi wote wakatolewa, alileta cherehani yake hapa nyumbani Bukoto, akaifunika shuka, akakaa kwenye kiti cha sebuleni. Akakaa hasa. Nilikuwa nafagia kumzunguka kama kabati. Miezi saba, wallahi, hata utepe wa kupimia hakuugusa.

Ndipo Loice, jirani yetu Mkenya wa ghorofa ya juu, anayefundisha watu kupiga mishale uwanjani kila Jumamosi, akamburuta huko. Akarudi anaongea! Upinde hivi, mshale vile, chakula kinapoa naye haoni. Mimi nilimcheka, maana hapa Kampala mtu mwenye upinde ni askari wa geti.

"Baba Faruk, umepata kazi ya kulinda wapi?"

Akaninunia. Lakini Jumamosi iliyofuata, saa moja asubuhi, alikuwa mlangoni, viatu vimepakwa rangi. Nikaacha utani. Kiti kilikuwa kitupu, na nilitaka kibaki hivyo.

Baada ya miezi miwili Loice akasema pinde za kuazima hazitoshi, kila mtu alete wake. Bahati nzuri mwenzao mmoja, Obwona, alikuwa anahamia Gulu na anauza mbili zilizotumika, bei moja, ukishanunua hakuna kurudisha. Pesa yetu ilikuwa ya upinde mmoja tu. Nikaenda naye, sikumwamini.

Wa kwanza ulikuwa wa mbao, unafunguka vipande vitatu, nguvu yake ya kuvuta pauni ishirini na mbili. Wa pili mweusi, unang'aa, pauni arobaini na tano. Haya, niambieni mume wangu alikamata upi.

"Mzee, huo achana nao," Loice alisema. "Anayeanza anachukua mwepesi. Huo utakuumiza bega na hutajifunza kitu."

"Binti yangu," Nasur akajibu kwa ile sauti yake ya wateja, "nguo kubwa inapunguzwa. Ndogo utaifanyaje?"

Banange, jamani! Upinde ataupunguza na mkasi? Akauvuta. Uso ukaiva, midomo ikatetemeka, uzi ukafika nusu ya njia ukagoma. Obwona, kwa heshima, akaangalia viatu vyake. Nasur akaushusha polepole, na nikaona macho yake yanatafuta njia ya kutokea. Hapo niliogopa kweli. Namjua huyu mtu. Akiondoka na aibu ile, au na ule mweusi asioweza kuuvuta, anarudi kwenye kiti na safari hii hatoki.

Nikachukua ule wa mbao, nikamuuliza Loice, "Hivi vipande vya juu na chini, mtu akipata nguvu vinabadilishwa?"

"Ndiyo, mama. Cha katikati anabaki nacho, ananunua vingine vizito kidogo kidogo."

Nikamgeukia fundi wangu. "Baba Faruk, mzazi akileta mtoto kushonewa sketi ya shule, unamwachia nini chini?"

Akanitazama. "Pindo."

"La nini?"

"Mtoto akikua, lifunguliwe."

"Basi huu umeachiwa pindo. Na mtoto ndio wewe."

Obwona alicheka wa kwanza. Nasur alijaribu kukasirika, ikamshinda, akatoa pesa akalipa ule wa mbao.

Jumamosi iliyofuata alirudi na mkono mwekundu mahali uzi ulipomchapa. Mishale mitatu iliishia kwenye nyasi, mmoja ukapata ukingo wa shabaha, na habari za huo mmoja nazisikia mpaka leo. Hakukaa. Alifungua mtoto wa meza, akatoa utepe.

"Safinah, nyoosha mikono."

"Ya nini?"

"Loice anasema kwanza mtu anapimwa mikono, ndio anachaguliwa upinde. Kuanzia wiki ijayo tunaenda wote, huu wangu tutapokezana mpaka tupate pesa ya wako. Nyoosha."

Mara ya mwisho kunipima ilikuwa gauni langu la harusi. Akanipima kutoka ncha ya kidole hiki mpaka kile, taratibu, miwani puani, akaandika kwa chaki kwenye kiganja chake kama alivyokuwa akifanya Nakivubo.

"Usilie," akasema. "Unatikisa utepe."