Nerima, Msemaji wa Matanga

Kwetu mtu hazikwi kabla watu hawajaelezwa alivyougua. Jeneza liko chini ya tenti, kwaya imenyamaza, na mmoja anasimama kusema marehemu alianza kuumwa lini, alipelekwa wapi, alikata roho namna gani. Bila hivyo watu hurudi makwao wakinong'ona. Familia isiyokuwa na msemaji ilituma mtu aende Matayos kumwita Nerima.

Nerima aliacha shule darasa la sita, kama mimi tu, lakini Mungu alimpa mdomo. Hakuanza na ugonjwa, alianza na kitu kidogo. "Huyu mama," angesema, "Jumanne aliomba uji wa wimbi, akasema usitiwe sukari." Hapo hata wale wa nyuma waliokuwa kwenye simu waliinua vichwa. Kisha angemgeukia mtu mmoja: "Petronilla, si ulikuwepo?" Petronilla angeitikia kwa kichwa, na sisi wote tukaona kama tulikuwepo. Mwisho wake mara nyingi ulikuwa presha. Presha ilipanda, Bwana akamchukua. Watu walilia, wakala, wakaenda kwa amani. Tulisema hiyo ni huduma.

Miaka minne iliyopita alifariki Atyang, upande wa Kocholia. Mumewe, Emorut, ni broka wa malori pale mpakani Malaba, mtu wa sauti ya chini na shati lililopigwa pasi. Atyang tulikuwa naye katika akina mama wa kanisa, kwa hiyo mimi na Nerima ndio tuliomwosha. Mgongo wake ulikuwa na alama za zamani, na juu yake alama mpya. Tulitazamana. Nerima akamfunika shuka.

"Ameacha mtoto mchanga," akasema. "Tukilisema hili, hiyo boma itawaka. Nani atamlea?"

Mimi pia niliona. Nikashika ncha nyingine ya shuka, tukamfunga.

Kesho yake akaeleza, na siku hiyo alizidisha. Alisema Emorut alimbeba mkewe mgongoni mpaka barabarani akitafuta bodaboda, mpaka viatu vikamtoka njiani. Habari ya viatu hakuna aliyempa; aliitoa kichwani mwake. Wanaume walilia. Emorut alilia. Winny, binti wa Nerima aliyekuja na kwaya, alilia kuliko wote.

Mwaka haujaisha, Emorut akafika Matayos na wazee wake kumposa Winny. Nerima alimwita binti yake jikoni.

"Huyo amefiwa juzi tu. Hebu ngoja kidogo."

"Mama, mwanaume aliyebeba mke mpaka viatu vikamtoka, nimngoje nini? Si ni wewe ulisema?"

Nerima akageuza ugali. Aliniambia baadaye kwamba neno lilikuwa limefika kwenye meno, akaona aibu mtoto wake ajue mamake ni mwongo wa matanga.

Ndoa ilikaa miaka miwili na nusu. Februari hii tukapigiwa simu kwamba Winny ameanguka bafuni na amefariki. Nerima hakuweza kumwosha. Nilimwosha mimi, na aliponiuliza, nilimwambia yote. Safari hii sikuficha.

Asubuhi ya mazishi, kule Kocholia, mzee Ejoku, mwenyekiti wa ukoo wa Emorut, alimfuata Nerima alipoketi kwenye mkeka.

"Mama, wewe ndiye bingwa. Tueleze vile unaelezanga. Presha, basi. Watoto wabaki na baba yao."

Nerima alisimama akashika maiki. Hakuanza na uji.

"Mtoto wangu hakuanguka. Alipigwa. Aliyempiga ni mumewe, yule mwenye shati jeupe."

Nilisali moyoni mtu mmoja aseme kitu. Aliyesimama ni Emorut mwenyewe. Aliomba maiki, akasalimia wazee, akasalimia kanisa.

"Mama, nakuheshimu, na najua uko na uchungu. Lakini nauliza mbele ya watu. Miaka minne imepita, ulisimama hapa hapa ukasema nilimbeba Atyang mpaka viatu vikanitoka. Ulidanganya siku ile, ama unadanganya leo?"

"Siku ile."

"Basi mmesikia," akasema, akaketi.

Watu wakaanza kuguna. Nyuma yangu mama mmoja alimwambia mwenzake, "Leo hata hajaeleza vizuri." Mzee Ejoku akachukua maiki, akasema uchungu wa mzazi hauna kipimo, tumsamehe mama yetu, kwaya iimbe. Kwaya ikaimba.

Kaburi lilipokwisha kufunikwa, Akwii, mamake Atyang, alikuja na fimbo yake mpaka kwenye mkeka wetu. Nilidhani atampiga Nerima nayo. Aliketi chini polepole.

"Siku ile nilikuamini," akasema. "Nilienda nyumbani nikaanza kumwombea huyo kijana kila asubuhi. Mungu ambariki kwa kumbeba mtoto wangu. Hata leo asubuhi nimemwombea."

Nerima akaichukua ile fimbo, akailaza kando. Tuliketi hivyo, sisi watatu, mpaka watu wakaja kufungua tenti.

Juzi walifika watu wa kutoka Rukala, wamefiwa na dada yao, wakamwomba aende kueleza. Aliwapa chai. Akauliza jambo moja tu: mwili umeoshwa na nani, aanzie kwa huyo. Wakatazamana, wakamaliza chai, wakaaga. Hawajarudi.