Kijerumani cha Kuitika na Kijerumani cha Kukataa

Ipo siku moja, mwanangu, inayonirudia kila ninaposhika kisu kukata viazi vitamu vya kuanika michembe. Ni siku ambayo Bibi Milembe, bibi yake baba yako, aliacha kukata, akaweka kisu chini na kuniuliza swali ambalo mwalimu wangu wa Kijerumani hakuwahi kuniuliza.

Kabla sijaendelea, nijieleze. Mimi si mzee. Mvi sina, meno ninayo yote, na hasira ninazo za kutosha, waulize majirani. Najua kutoa nasaha ni haki ya wazee. Lakini mwenye nasaha hii amelala kaburini Kisesa, na aliyeachiwa ni mimi. Nisipokupa mimi, utapewa na nani?

Miaka ile tuliambiwa kila kitu kimefunguliwa. Biashara huria. Viwanda vya minofu vikasimama kando ya ziwa, ndege zikawa zinashuka tupu na kupaa zimeshiba sangara, na sisi wa Kirumba tukabaki na mapanki, kichwa na mifupa, tunakaanga na kuuza. Baba yako alifuata dhahabu Geita, akatulia huko kama jiwe lililozama ziwani. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, wewe mgongoni, na Bibi Milembe chumba cha pili. Nyumba ya wanawake watatu, na mmoja hajaota hata meno.

Ndipo kampuni moja ya utalii ikatangaza kwamba inamtafuta mtu wa kuwatembeza wageni mjini, ajue Kijerumani. Nafasi ilikuwa moja. Niliitaka nafasi ile, mwanangu, kama ng'ombe wa kiangazi anavyoyataka maji. Nikajiunga na darasa la Mwalimu Buberwa kwenye ukumbi wa parokia. Alikuwa Mhaya mpole, aliyesomea Ujerumani zamani zile zilipokuwa Ujerumani mbili, akarudi na sanduku la vitabu na kaseti za video.

Kitabu cha kwanza tulikimaliza wengi. Kusalimia, kuagiza kahawa, kuuliza treni inaondoka saa ngapi. Kilipoisha, Mwalimu akasema huo ulikuwa mlango tu. Anayetaka kuingia ndani asome riwaya, atazame filamu, ajue historia ya wale watu: wanacheka nini na wananyamazia nini. Watu wakaguna. Walitaka cheti, hawakutaka riwaya. Darasa likapukutika, tukabaki wachache, na mwenye mtoto mgongoni ni mimi peke yangu. Kijana mmoja mtanashati akaniambia Kijerumani hakinyonyeshwi. Nilimjibu. Jibu lenyewe siliandiki hapa, wewe bado mdogo.

Basi siku hiyo parokia ilikuwa na mgeni wa Kijerumani, mzee mchangamfu, na Mwalimu akaniacha nizungumze naye. Tulizungumza tangu jua la utosi mpaka vivuli vikarefuka. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba kama ngoma.

"Mke mwenzangu," Bibi akasema. Alikuwa akiniita hivyo kwa sababu baba yako, mjukuu wake, alikuwa mume wake wa utani. "Leo unang'aa. Umeolewa tena?"

Nikamwelezea. Akauliza mgeni alisema nini. Nikasema alilisifia ziwa, akayasifia mawe, akasema tuna bahati kwamba babu zake walitujengea mji.

"Ukamjibu nini?"

"Nilisema ndiyo. Na asante."

Hapo ndipo kisu kilipowekwa chini. Bibi akaanza kufuta utomvu wa viazi vidoleni, kidole kwa kidole. "Baba yangu alibeba mawe ya ile nyumba ya Wajerumani ya kilimani," akasema. "Alama za kiboko tulimzika nazo. Na wewe umesema asante." Kisha akaongeza, bila ukali wowote, na huko kukosa ukali ndiko kulikoniuma: "Mke mwenzangu, hiyo siyo lugha. Hiyo ni kuitika. Hata mbuzi wangu nikimwita anaitika."

Nilinuna mpaka kesho yake. Nikamwambia kitabu chetu hakikufundisha kubisha. Akasema, basi tafuta kitabu kingine, mbona unanililia mimi?

Nikatafuta. Ukienda kwa Mwalimu utaona bado lile sanduku lipo. Nilianza na filamu, kwa sababu filamu hata usipoelewa neno unaona sura. Ilikuwa filamu ya baada ya vita vyao. Mji umekuwa kifusi, mwanamke anaokota matofali kwa mikono na kuyagonga chokaa itoke, mume anarudi kutoka kifungoni na kukuta mke amezoea kuamua peke yake. Nilirudi na kumsimulia Bibi. Kwao hadithi haisikilizwi kimya, msikilizaji ana kazi yake. Akaniuliza: huyo mama akiokota matofali, mtoto kamwachia nani? Sikujua. Akauliza: mume aliporudi, nani alianza kusema? Sikujua. Akasema, sasa umetazama nini?

Nikarudi kwa Mwalimu kuomba ile kaseti tena. Na tena. Hivyo ndivyo nilivyojifunza, mwanangu. Si kwa kukariri, bali kwa kumwogopa bibi kizee mwenye kisu. Riwaya niliisoma hivyo hivyo, ukurasa kwa ukurasa, wewe umelala magotini. Kila jioni nilitoa hesabu: nani kasema nini, kwa nini, na mwenzake akajibuje. Hadithi ya familia ile ya kwenye riwaya, iliyokuwa ikigombana mezani, Bibi aliipenda kuliko zote. Alimwita baba mwenye nyumba shemeji.

Na humo nikaona jambo ambalo kitabu cha kwanza kilinificha. Wale watu wanakataliana usoni. Mmoja anasema hapana, nadhani umekosea, na sababu ni hii; kisha anammiminia mwenzake kahawa. Sisi hatusemi hapana. Sisi tunasema tutaangalia, Mungu akipenda, njoo kesho. Si ubaya, ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Ila mwenzio asiyeijua adabu hiyo akisikia ndiyo, anaondoka na ndiyo yako mfukoni. Bibi aliposikia hivyo alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe wanakatalika," akasema.

Mvua zilipokatika, kampuni ikatuita kujaribiwa, mimi na yule kijana mtanashati. Kila mmoja atembeze wageni wachache, meneja akiwa nyuma yao. Kabla hatujaondoka meneja akaniita pembeni. Kuna mti pale mjini ambao wazee husema watu walinyongewa hapo enzi za Mjerumani. Meneja akasema, dada, hapo pita kimya, wageni wamekuja kufurahi. Funika kombe.

Nilielewa anachosema. Nilikuwa na wewe wa kulisha, na ndoo ya mapanki iliyonichosha pua na roho. Nikaitikia kwa kichwa. Na ningepita kimya, nakuambia kweli, kama nisingeulizwa. Lakini mgeni mmoja, mwalimu mstaafu aliyejiita Mama Renate, akasimama na kuuliza kwa nini mti huu watu wanauheshimu. Meneja akawahi kumjibu kwa Kiingereza: si kitu, mama, ni hadithi za vikongwe.

Hadithi za vikongwe. Nilimwona Bibi akifuta vidole vyake.

Nikasema kwa Kijerumani, taratibu, wala sauti sikuipandisha: "Hapana, sikubaliani naye. Wazee wetu wanasema hapa walinyongwa watu, na walionyonga walikuwa wa serikali yenu ya wakati huo. Bibi ninayeishi naye, baba yake aliibebea serikali hiyo mawe kwa kiboko. Sikuambii ili ulie. Nakuambia kwa sababu umeuliza."

Wageni wakaugeukia mti. Kisha Mama Renate akasema mama yake naye aliokota matofali mji wao ulipobomolewa. Nikamwuliza wakati huo yeye mtoto aliachiwa nani. Akanitazama sana. Akasema alifungwa kamba kiunoni, kamba ikafungwa kwenye ndoo. Tukatembea mjini kote tukizungumza, na meneja nyuma yetu amefura kama kiboko wa ziwani.

Kazi alipewa yule wa Kijerumani hakinyonyeshwi. Kama ulidhani nitakuambia ukweli hulipa papo hapo, hapana. Nilirudi kwenye mapanki, na hasira yake ninayo mpaka leo, tena inanisaidia.

Lakini siku chache baadaye Mama Renate alitokea uani kwetu Kirumba, ameelekezwa na Mwalimu. Alimwamkia Bibi shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda. Akaomba nimtafsirie. Alisema amekuja kutoa pole kwa yale mawe na kile kiboko, kwa niaba ya waliokufa bila kuitoa.

Bibi aliendelea kukata kiazi mpaka kikaisha. Akasema: "Mwambie pole yake nimeisikia. Mwambie sikusema nimeipokea. Mwenye mgongo amekufa, mimi sina mamlaka ya kumpokelea."

Mwanangu, ule ndio uliokuwa mtihani wangu. Mgeni yuko kwako, macho yamemlowa, na adabu yote uliyolelewa nayo inakuvuta ulimi useme, Bibi anakushukuru sana. Neno hilo nilikuwa nalo tangu kitabu cha kwanza. Bibi alikuwa ananitazama. Kijerumani alikuwa hakijui, lakini alijua ningekaa kimya muda gani kama ningetaka kudanganya.

Nikayasema kama yalivyo. Yote.

Mama Renate aliinamisha kichwa. Kisha akauliza kama kuna kisu kingine. Wakakata viazi mpaka kikapu kikaisha, hawana hata neno moja la pamoja, na Bibi akamcheka namna anavyokata vinene.

Sasa darasa la pale ukumbini nalishika mimi, maana Mwalimu macho yamechoka. Anayemaliza kitabu cha kwanza namwambia aende nyumbani akamtafute mtu msumbufu wa kumsimulia. Na wewe nakuambia hivyo hivyo. Utajifunza lugha nyingi kuliko mimi, milango imefunguliwa. Usiridhike na kitabu cha salamu, kinachokufundisha kupokea. Soma wanavyogombana, tazama wanavyolia, jua historia yao na ilipokanyaga yako, mpaka uweze kumkatalia mtu kwa lugha yake na bado akae kwenye kigoda chako. Kuuliza si ujinga. Kuitika usichokubali ndio ujinga.

Mungu na waliolala Kisesa wakupe ulimi mwepesi wa kusalimia na mzito wa kusema uongo. Na siku watakapokutaka useme ndiyo wakati moyo umekataa, sauti yako isitetemeke, na kisu cha Bibi kiwe upande wako.