Kishada cha Shali ya Babu

Babu mzaa mama alikuwa Myahudi, fundi saa aliyekimbia kwao Ulaya kabla ya vita, akafika Mwanza, akaoa Msukuma na hakuondoka tena. Mimi sikumkuta. Vitu vyake vilikuwa ndani ya sanduku la bati ambalo mama alinikabidhi mwaka nyumba yake ya Mabatini ilipoingiwa na maji ya mvua. "Kwako Mkolani ni mlimani," aliniambia. "Litunze."

Mwaka jana niliandikiwa barua pepe na jumba la makumbusho linalohifadhi historia ya Wayahudi wa mji aliozaliwa babu. Waliambatanisha picha aliyowahi kumtumia dada yake: amesimama mbele ya duka lake, amejifunika shali ya sala yenye mistari, kila pembe ina kishada cha nyuzi. Waliuliza kama shali bado ipo. Mtafiti wao angekuja Mwanza baada ya majuma mawili.

Nikafungua sanduku. Kitabu cha sala, kikombe cha fedha, koleo ndogo za saa. Shali haikuwemo.

Nilipekua makabati, nikashusha magunia ya darini, nikarudi kwenye sanduku mara tatu kana kwamba lingenihurumia. Kisha nikakumbuka ile siku ya mafuriko. Nilikuwa nimeanika vitu uani, na vilivyooza nikavichoma pamoja na takataka. Kwa hiyo niliichoma shali pasipo kuiangalia? Chuoni Butimba, ninakofundisha, niliandika mada ileile ubaoni siku mbili mfululizo, na wanachuo wakainakili tena kwa heshima.

Mama alipiga simu. "Hao wageni wanataka nini hasa?"

"Kuona vitu vya babu tu, mama."

Sikuthubutu kutaja shali.

Mtafiti alifika, mwanamke wa makamo aliyekuwa amejifunza kusema shikamoo, na mama akaitikia marahaba akicheka. Tukaketi sebuleni kwa mama, sanduku nikiwa nimelileta. Mgeni alitoa picha, akagusa shali kwa kidole, akauliza kwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyepaswa kutafsiri.

"Mama," nikasema, "shali ya babu siioni. Nadhani niliichoma siku ya mafuriko."

Mama alinitazama kwa mshangao. "Shali ipi? Ile tulimzika nayo."

Basi sikuwa nimeichoma. Lakini mama hakuwa amemaliza.

"Nilikuwa na miaka kama kumi. Bibi yako alikata kishada kimoja kwa mkasi kabla hawajamfunika. Alisema babu yako ndiye aliyemwagiza. Kipo kwenye lile kopo la maziwa ya unga lililokuwa sandukuni. Mwonyeshe mgeni."

Kopo nililikumbuka vizuri. Lilikuwa na nyuzi zilizoota ukungu, zimeshikamana kama uchafu wa mfereji. Siku ile ya mafuriko nililikung'uta juu ya moto wa takataka, nikaliosha, nikalitia chumvi ya jikoni.

Nilimwambia mama. Kisha nikamtafsiria mgeni kila neno, hata la chumvi, bila kuinua macho.

Mgeni aliweka kalamu chini. Alieleza kwamba kwao huo ni utaratibu: Myahudi anapozikwa na shali yake, kishada kimoja hukatwa, kwa sababu haitatumika tena kwa sala. Nilipomtafsiria mama, alishika shavu. "Kumbe bibi yako alikuwa anafuata desturi yao hasa. Miaka yote nimedhani ni msiba uliomchanganya."

Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilibaki nikisikiliza, nikiogopa kilio. Aliporudi alikuwa amenawa uso na kujifunga kitenge kipya. "Mwambie awashe hicho chombo chake cha kurekodi," alisema. "Nitamsimulia mazishi." Akazungumza hadi chai ikapoa mara mbili.

Mwezi uliopita watu wa makumbusho walituletea maelezo ya maonyesho tuyapitie. Nilimsomea mama kwa Kiswahili. Kwenye sentensi ya kishada walikuwa wameandika kwamba kilipotea.

"Hakikupotea," mama akasema. "Kilichomwa. Waandike kilichomwa na mjukuu wake, hakujua ni nini."

"Mama, watu watasoma."

"Ndiyo. Watasoma."

Nikaandika kama alivyosema, yeye akiwa amesimama nyuma ya kiti changu mpaka nilipotuma.