Damu ya Mutoto wa Mwizi

Kwetu Masisi, mbele ya kununua ngombe dume, tunauliza kwanza kama mama yake alikuwa anapiga watu pembe. Na mutu tulikuwa tunamupima vile vile. Masomo sina, niliachia mwaka wa pili ya primere, lakini mambo ya damu nilijiona nayajua kuliko mwalimu.

Jirani yetu hapa Mabanga, mujini tulikohamia, ni mwanaume wa kuuza makala, makaa ya kupikia. Baba yake aliiba mbuzi, watu wakamuua na mawe. Yeye hakuiba hata sindano. Mimi nilikuwa nasema: ngojeni tu, itatoka. Akipita, wamama wanaita watoto, "Ingizeni sufuria!" Anacheka, anapita na makala yake.

Siku moja njo binti yangu akazaa ku hospitali, damu ikakataa kusimama. Munganga akapima damu ya bwana yake: haipatane. Yangu: haipatane. Muuza makala, wala hakuna aliyemuita, akakuja na mikono myeusi, akapimwa. Yake ikakubali.

"Hapana," nikasema. "Damu ya mwizi haiingie kwetu. Kesho binti yangu aanze kuiba chumvi ya watu?"

"Papa, wizi haukae mu damu," munganga akasema. "Na muda hatuna."

"Weye mwana, unajua nini? Tungoje kaka ya binti, anatoka kule Kiwanja na pikipiki."

Bwana ya binti akaangalia chini. Tukangoja. Mimi mwenyewe, wakati nachunga ngombe, nilikuwa nakamua za wengine kwa siri na kunywa maziwa yote, na baba yangu alikuwa katekista. Nilitoa wapi ile tabia? Siku ile sikujiuliza. Muuza makala alikaa ku benchi, mukono wa shati umekunjwa.

Kaka mutu alifika jua linashuka, vumbi mpaka ku meno. Haipatane. Nikasema basi, mutoe ya huyu wa makala. Mufuko wa damu haukufika nusu, binti yangu akakata roho.

Ku kilio watu wakasema, "Muzee alikataa, wakamulazimisha. Ile damu njo imemuua." Muuza makala alipokuja kutoa pole, mashangazi wakamumwangia maji ya vyombo.

"Umeiba mpaka roho ya mutu! Sasa umefuata nini hapa?"

Akanitafuta na macho, niseme kitu. Nilikuwa karibu kabisa, nimeshika kitoto cha binti yangu. Nikageuza kiti, nikamupa mugongo.