Chai ya Kopo Jeusi

Nianze na aibu yenyewe ili ipoe mapema. Mimi ndiye niliyemnywesha bwana mkubwa wa wilaya maji ya kuoshea miguu, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, tena kwa kata. Wanaoisimulia habari hii kwa huruma husema kwamba nilikosea. Sikukosea. Nilijua, ila sikusema, maana tangu utoto mdomo wangu ni mzito, nikisimama mbele ya watu wazima maneno yote yanashuka tumboni na kukaa huko kama muhogo mbichi.

Kijiji chetu cha ujamaa kiko upande wa Mbuba, na mwenyekiti wake wakati ule alikuwa Mzee Kagoma, baba yake Verediana. Huyo Verediana ndiye chanzo cha unyenyekevu wangu wote. Baba yangu mdogo alikuwa amekwenda kunisemea posa, akarudi na jibu ambalo halikuwa ndiyo wala hapana. Mzee Kagoma alisema, "Kijana namwona shambani, jembe lake nimeliona. Lakini sauti yake sijawahi kuisikia. Nisije nikampa mwanangu bubu. Acha nimtazame mpaka maharage yaingie ghalani." Kwa hiyo nilikuwa natazamwa, na mtu anayetazamwa, hata kukohoa anaomba ruhusa.

Sasa nimlete Mchina. Kabla vita vya Kagera havijaanza, alikuja kijijini kwetu daktari wa Kichina kutibu macho, akakaa wiki mbili kwenye nyumba ya mwalimu, nami nikapewa kazi ya kumchotea na kumchemshia maji. Kiswahili chake kilikuwa cha mwilini tu: jicho, mguu, tumbo, vuta pumzi. Zaidi ya hapo alijua asante na pole. Ukimsalimia anasema pole, ukimletea ndizi anasema pole na asante, ukifiwa anasema pole (hapo tu ndipo alipokuwa anapatia), basi watu wakamwita Daktari Pole. Mimi na yeye tulielewana sana, kwa kuwa sote wawili hatukuwa na la kusema. Vita vilipoanza, lori lilikuja kumchukua ghafla ili akatibu majeruhi huko upande wa Biharamulo. Alipokuwa anapanda, alimkabidhi Mzee Kagoma kisanduku kwa mikono miwili, akasema "asante, asante," na lori likaondoka.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na makopo matatu ya majani makavu. Moja la kijani lenye picha ya mlima, moja la njano lenye picha ya ndege, na moja jeusi lisilo na picha, lina maandishi ya Kichina tu. Kila mtu akasema ni chai, na yakawekwa.

Miezi ikapita. Dukani kwetu sukari ikaadimika, majani ya chai yakafuata, mpaka tukawa tunakunywa maji ya moto tukiyaita chai kwa heshima tu. Ndipo ikaja habari kwamba bwana mkubwa wa wilaya anakuja kupokea mchango wetu kwa wapiganaji, maharage magunia na madume mawili ya ng'ombe. Mzee Kagoma akaita wazee wa halmashauri, akawaambia, "Mgeni wa vita hapewi uji kama mgonjwa. Tuna chai ya Mchina. Lakini ni makopo matatu, na mgeni anapewa kilicho bora. Nani anaijua chai hii?"

Mtu mmoja akasema, "Si yule Gervasi aliyekuwa anamchemshia maji?"

Nikaitwa kutoka shambani na tope miguuni.

"Shikamoo baba," nikasema, kwa sauti ya mbu.

"Marahaba. Wewe unaijua chai ya Mchina, au huijui?"

Hapa ndipo kila kitu kilipoanzia, ndugu zangu. Jibu la kweli lilikuwa, "Nilimwona akinywa, mwenyewe sijaonja hata tone." Maneno hayo yote ningeyatoa wapi? Na kwetu mtu anayechumbia hamwambii baba wa binti "hapana", hata akiulizwa kama mbuzi ana mabawa. Nikatikisa kichwa kukubali. Kichwa tu! Sikutoa hata neno.

"Vizuri," akasema Mzee Kagoma. "Alhamisi utatuongoza kuonja."

Alhamisi baada ya kazi ya shamba la kijiji, wazee sita walikaa uani kwake kwenye mabenchi. Mabirika matatu yalikuwa jikoni, na Verediana alikuwa anachochea kuni huku amenipa mgongo (mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikajua anacheka). Tukaanza na kopo la kijani. Majani yake yalikuwa yamejiviringisha vidonge vidonge, na mzee mmoja akachungulia akasema, "Haya mavi ya mbuzi nayo ni chai?" Kwa kuwa yalionekana madogo, nikatia nusu birika. Nikamimina maji ya moto, nikafunika, na mara kifuniko kikaanza kuinuka chenyewe, kwa maana vile vidonge vilikuwa vinafunguka na kuwa majani mazima, makubwa, yakitoka birikani kama mtu anayekimbia nyumba inayoungua.

Nikakumbuka kwamba Daktari Pole alikuwa akimwaga maji ya kwanza, hanywi. Basi nami nikayamwaga yote chini.

"Anamwaga chai!" wazee wakapiga kelele. "We kijana, una wazimu? Wakati huu wa dhiki?"

"Mwacheni," akasema Mzee Kagoma. "Mtoto anajua anachofanya." Akanitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kulipata kwake, jicho la baba mwenye fahari, nami nikajisikia joto mpaka masikioni.

Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza, ujue hakuna ubaya ndani. Hiyo ni desturi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na wazee hawakuona sababu ya kuiacha kwa chai. Kwa hiyo kila kikombe nilikipiga funda la kwanza, tena kwa kufyonza kwa kelele kama Daktari Pole, fyuuu, na watoto waliokuwa kwenye ua wakafyonza nao, fyuuu. Wazee sita na chai tatu, hesabuni wenyewe mafunda. Moyo wangu ulidunda kama ngoma ya arusi.

Jambo moja lazima mlielewe. Wazee wetu wanajua kupima kitu kimoja tu, nacho ni rubisi. Rubisi nzuri ni kali, inakunja uso, inashuka kifuani ikikupa habari. Chai nayo waliipima hivyohivyo. Ile ya kopo la kijani wakasema, "Imezimuliwa. Hii ni ya wanawake waliojifungua jana." Ya kopo la njano ilinukia maua, nikaona mimi ni tamu ajabu, lakini wakasema, "Sabuni! Umetunywesha sabuni ya bibi arusi."

Likaja kopo jeusi. Majani yake yalikuwa ya kijivu, yamesagikasagika, na nilipoyamiminia maji ya moto ukapanda mvuke wenye harufu ya moshi na uchungu. Harufu ile nilikuwa naijua. Kila jioni kwa wiki mbili Daktari Pole alijifungia chumbani na karai la maji ya moto niliyompelekea mimi mwenyewe, na kila asubuhi maji yaliyotumika niliyamwaga chini ya mgomba, yakinuka hivihivi. Siku moja mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kitini, suruali imekunjwa, miguu ndani ya karai, macho yamefumbwa.

Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua.

Lakini Mzee Kagoma alikuwa ameshakunywa. Uso wake ukajikunja mpaka macho yakapotea, akatulia, akapiga goti lake kwa kiganja. "Ee! Hii ndiyo! Chungu kama majani ya mubirizi! Hii ni chai ya wanaume!"

Wengine wakafuata, kila mmoja akikunja uso kuliko mwenzake. Ni Mzee Sadiki peke yake, ambaye kwa dini yake hanywi rubisi na amewahi kukaa Bukoba, aliyerudisha kikombe. "Jamani, hii si chai. Hii ni dawa ya kitu fulani."

"Sadiki, wewe kitu kikali utakijulia wapi?" wakamcheka.

"Tumuulize mjuzi," akasema Mzee Kagoma. "Gervasi mwanangu, hii ndiyo bora, siyo?"

Mwanangu! Aliniita mwanangu mbele ya halmashauri, na Verediana jikoni akaacha kuchochea. Ningesemaje? Ningewaambia wazee sita wamekunywa nini? Nikatikisa kichwa tena, na ili isionekane nina shaka, nikamaliza kikombe changu chote. Siku tatu zilizofuata nilijifariji kwamba majani ni majani, miguu haikuwemo.

Siku ya mgeni ikafika. Chai ilipikwa katika sufuria pana ya shule, kopo jeusi zima, na asali kidogo juu yake ambayo haikusaidia kitu. Bwana mkubwa akaja na Landrova, watoto wakaimba, madume mawili yakaonyeshwa, nami nikasimama kando ya sufuria na kata, nimevaa shati la baba yangu mdogo. Nikaonja mbele ya watu, nikamchotea. Akanywa. Shingo ikatembea juu na chini, kisha akasema, "Mwenyekiti, chai hii ina... ina nguvu."

"Ya Kichina, mheshimiwa! Tumeichagua sisi wenyewe. Tulionja tatu, tukaziacha mbili. Mwongezee, Gervasi."

Nikamwongezea. Mzee Kagoma akatoa hotuba, na kwa bahati mbaya ilikuwa nzuri, kwa hiyo ikawa ndefu, alisema chai ile ni undugu, ni kujitegemea, ni ushindi, na wakati wote huo sufuria inapoa, ikawa vuguvugu. Ndipo lori la kubebea maharage likaingia, na aliyeshuka upande wa abiria alikuwa Daktari Pole.

Alikuwa amekonda. Miezi yote ile alikuwa amesimama kwenye vitanda vya majeruhi, na miguu yake ilikuwa imevimba mpaka viatu havifungiki kamba. Alikuja akichechemea, akasimama ghafla, akainua pua. Akaliona kopo jeusi mezani. Akaiona sufuria pana inayotoa mvuke kidogo. Akaniona mimi kando yake. Machozi yakamlenga.

"Pole!" akanikumbatia. "Asante! Asante!"

Watu wakapiga makofi. Mzee Kagoma akapiga makofi kuliko wote. Daktari Pole akavuta kigoda, akakaa mbele ya sufuria, akavua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto, akavua soksi, akakunja suruali vizuri kama nilivyomwona siku ile, akaingiza miguu yote miwili ndani ya chai ya mheshimiwa, akafumba macho na kutoa pumzi ndefu.

"Mguu," akasema kwa raha. "Aaa. Mguu."

Makofi yakakatika. Bwana mkubwa alikuwa na kikombe mdomoni, hakukishusha wala hakukiinamisha. Dume moja likalia.

"Gervasi," Mzee Kagoma akasema polepole, "huyu anafanya nini?"

Sikuwa na pa kutikisia kichwa. Nikasikia sauti ikitoka, kumbe ni yangu, tena kubwa. "Ndivyo inavyotumika, baba. Ni ya miguu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

Mzee Sadiki akainuka akaenda nyuma ya ghala, na huko tukamsikia akicheka mpaka akakohoa. Bwana mkubwa alishusha kikombe, akakitazama sana, kisha akasema, "Basi tumbo langu litatembea vizuri," na huo ndio uliokuwa wokovu wa kijiji, kwa sababu alicheka yeye kwanza. Lakini Mzee Kagoma hakucheka. Maharage yalipakiwa, madume yakapakiwa, naye hakunitazama tena.

Maharage ya kijiji yalikwisha kuingia ghalani, na jibu la posa halikuja. Nilijua limekufa. Baada ya wiki tatu nikaitwa uani kwake. Wazee walewale, isipokuwa Mzee Sadiki, walikuwa mabenchini wakinywa rubisi, wametulia kama watu walioko kanisani. Mzee Kagoma akaonja, akanipa kibuyu bila salamu ndefu. Nikanywa. Ulimi ulitaka kukimbia.

"Vipi?" akauliza.

Wote wakanitazama. Jikoni kuni zilinyamaza. Tumboni muhogo ukasogea, nikausukuma juu kwa nguvu zangu zote.

"Imechacha, baba."

Mzee Kagoma akawageukia wenzake. "Imechacha tangu juzi," akasema. "Hawa wameinywa toka asubuhi, na kila mmoja amenisifia." Akamwaga kibuyu chini. "Haya, nenda kamwambie baba yako mdogo aje. Sauti nimeisikia."

Basi ndiyo habari yangu. Nimejiwekea nadhiri, nikiulizwa jambo nijibu kwa mdomo, kichwa changu kikae shingoni kitulie. Ni nadhiri ngumu, lakini nasaidiwa, maana mke wangu kila asubuhi akiniletea kikombe hakiachii mkononi mwake mpaka nijibu swali lake, tena kwa sauti: "Ya kunywa, au nikuletee karai?"